Taa ya mbele ikicheza: namna ya kuitengeneza kabla ya siku ya ukaguzi

Jirani yangu ana Probox ya mzigo. Hutoka Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri, amepakia unga, mafuta ya kupikia na kreti za soda, akasambaza madukani Mtwapa na Kikambala mpaka Kilifi. Gari hilo ndilo linalosomesha watoto wanne na kulipa kodi ya nyumba. Wiki mbili zilizopita alilipeleka kwenye ukaguzi wa kila mwaka, likakataliwa. Si breki, si tairi, si usukani. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa ikicheza. Mkaguzi aliishika kwa vidole viwili, akaitikisa mara moja, akaandika.

Jioni nilimkuta barazani na karatasi yake mkononi. "Taa inawaka, shekhe," akaniambia. "Ful inawaka, dimu inawaka. Nimeangushwa kwa sababu ya kutikisika tu?"

Swali hilo nimelisikia kwa watu wengi, wenye matatu, wenye teksi na wenye pikapu, na ndiyo sababu ya makala haya. Magari ya abiria na ya biashara hapa Kenya sharti yakaguliwe kila mwaka, na taa ni katika vitu vya mwanzo kutazamwa. Kazi yenyewe si kubwa. Mtu mwenye spana namba kumi, bisibisi na subira anaweza kuifanya nyingi yake mwenyewe. Lakini ina makosa yake, na mafundi wetu wengine wanayarudia kila siku.

Kwanza tumjibu jirani. Taa ya gari si kama taa ya ukumbini, kwamba ikiwaka basi kazi imekwisha. Mwanga wa dimu umekatwa juu kwa makusudi: chini ya mstari kuna mwanga, juu ya mstari kuna kiza, na kiza hicho ndicho kinachohifadhi macho ya anayekuja mbele yako. Mstari huo ukipanda kwa digrii moja tu, ukifika mita 50 mbele umekwenda juu kwa karibu sentimita 87. Hapo humwangazii njia tena, unamwangazia usoni dereva wa basi linalotoka Malindi. Na taa ikilala chini badala ya kupanda, unayeumia ni wewe. Ukiwa na taa iliyo sentimita 70 kutoka chini, ikainama sentimita mbili kwa kila mita, mwanga wako unaishia mita 35. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mita hizo unazimaliza kabla ya sekunde mbili. Punda aliyesimama njiani kule Kikambala hakupi zaidi ya hizo.

Taa inayocheza ina ubaya wa pande zote mbili, kwani kila tuta inapanda na kushuka. Mkaguzi anajua hayo.

Sasa tuje kwenye gari. Kabla hujafungua kitu, jua ni nini kinachocheza, maana kuna mambo matatu yanayofanana.

La kwanza ni globu. Magari mengi ya Kijapani tuliyonayo hutumia globu ya H4, yenye ful na dimu ndani ya kioo kimoja. Ina mabawa matatu ambayo hayakai ila kwa namna moja, na hushikwa na springi ya waya. Fundi akiibadilisha kwa haraka usiku, springi ikakosa kushika, globu inalala upande na mwanga unatawanyika ovyo. Vua kifuniko cha mpira nyuma ya taa, tazama. Kama ni hilo, umemaliza kwa dakika tano na hukutumia hata shilingi. Ila usiiguse kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huungua juu ya kioo chenye moto mkali na globu hukatika mapema. Shika kwa kitambaa safi.

La pili liko ndani ya taa. Kile kioo cha fedha kinachorudisha mwanga hakikugandishwa, kimening'inia juu ya vichwa vitatu vidogo vya mviringo vilivyoingia katika vikombe vya plastiki. Kimoja ni egemeo, viwili vinasukumwa na parafujo za kurekebishia mwanga. Plastiki hiyo ikizeeka hupasuka. Utaijua hivi: elekeza gari ukutani usiku, washa dimu, ugonge taa polepole kwa kiganja. Taa yenyewe imetulia lakini mwanga unacheza ukutani? Basi kilichovunjika kiko ndani. Kukifikia ni lazima kioo cha mbele kibanduliwe kwa moto na kugandishwa tena, na wengi waliojaribu wameishia na taa inayoingiza maji. Kwa gari la kawaida, ushauri wangu ni kutafuta taa nyingine iliyotumika.

La tatu ndilo la jirani yangu na ndilo la watu wengi. Taa nzima inacheza kwenye bodi.

Taa hushikwa na bolti mbili au tatu. Kwa kawaida moja au mbili ziko juu, ukifungua boneti unaziona, nyingine iko ubavuni karibu na madigadi au chini nyuma ya bampa. Kila bolti hupita kwenye sikio la plastiki lililotoka kwenye mwili wa taa, ikaingia kwenye nati iliyobanwa kwenye bati la bodi. Kwa hivyo kulegea kuna sababu mbili tu: ama nati na bati vimekwisha, ama sikio limevunjika.

Kwetu pwani tuanze na nati, kwa sababu ya chumvi. Gari lililokaa miaka mitano Nairobi na lililokaa miaka mitano Mombasa si ndugu. Hewa ya bahari huingia nyuma ya bampa na kukaa. Nati zile ni vibati vyembamba vilivyokunjwa vikachomekwa pembeni mwa bodi, na huliwa na kutu kabla ya kitu kingine chochote. Ukifungua bolti ikawa inazunguka tu, haikazi wala haitoki, nati imekwisha. Nyunyiza mafuta ya kulegezea kutu, ngoja nusu saa, kisha mshike nati kwa koleo nyembamba kwa nyuma huku ukifungua. Usitumie nguvu, bolti itakatika na sikio litavunjika pamoja nayo, ukawa na maradhi mawili. Nati mpya inapatikana kwa muuza spea yeyote na bei yake haizidi ya staftahi. Paka girisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kabla ya kurudisha, mwakani utajishukuru.

Bati likiwa limeliwa lenyewe, tundu limekuwa pana kama la panya, hapo hapana ujanja ila kibati kipya kilehemiwe. Taa itolewe kwanza, na waya za betri zifunguliwe kabla moto wa kulehemu haujakaribia gari. Nimeona gari lililounguzwa kompyuta yake kwa kazi ya dakika tatu.

Masikio ni habari nyengine. Huvunjika kwa kugongwa, hata kule kugongwa kidogo sokoni unakosema hapana kitu, bampa limerudi lenyewe. Bampa hurudi, sikio lililokatika nyuma yake halirudi. Huvunjika pia kwa jua la miaka mingi, plastiki ikawa kavu kama kaa la nazi, na kwa fundi aliyekaza bolti kama anayefunga tairi.

Ili kuyaona yote, taa sharti itoke. Kwenye gari kama Probox utalazimika kulegeza bampa: klipu za juu kwenye grili, parafujo za pembeni ndani ya tao la tairi, na zile za chini. Piga picha kwa simu kila hatua na uweke klipu kwenye kikombe. Zile klipu za plastiki hazivutwi kwa nguvu. Inuliwa kwanza kile kipini cha katikati, ndipo zinatoka. Zima taa zote, chomoa plagi kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Na tahadhari moja: gari lenye taa za zenoni, zile nyeupe zinazochelewa kidogo kuwaka, usiliguse mpaka ufungue betri. Kuziwasha kunahitaji maelfu ya volti, na hilo si jambo la kufanyia mzaha.

Taa ikiwa mezani, igeuze utafute herufi zilizopigwa chapa nyuma yake. Mwili wa taa nyingi umeandikwa PP, kioo cha mbele kimeandikwa PC. Herufi hizi mbili zina thamani kuliko maneno ya fundi. PP ni plastiki ile ile ya bampa na ya madebe, na gundi karibu zote haziishiki. Ndiyo maana ile gundi ya kichupa kidogo, ya kubandika kwa sekunde, hukaza asubuhi ukafurahi, ukifika darajani Nyali taa imelegea. Hata ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa hukaa juu ya PP kama ukoko, ukiivuta inabanduka kipande kizima. Jirani yangu alikuwa ametia gundi mara mbili na waya mara moja. Mkaguzi aliuona waya.

Kinachoshika PP ni moto. Osha sehemu iliyovunjika kwa sabuni na maji, ikauke. Usitumie petroli wala tina karibu na kioo cha mbele, PC hupata nyufa nyufa na ukungu usiotoka. Kama kipande cha sikio unacho, kirudishe mahali pake ukishike kwa utepe wa karatasi. Kama ufa haujafika mwisho, toboa kitundu kidogo sana kwenye ncha yake ili usiendelee. Kisha kwa chuma cha kulehemu cha umeme, kile cha mafundi wa redio, yeyusha mfereji juu ya ufa, ugandishe pande zote mbili. Ndani ya mfereji zamisha kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, ukifunike kwa plastiki iliyoyeyuka. Plastiki ya kujazia ikatwe kwenye kipande cha bampa kuukuu chenye herufi hizo hizo za PP. Geuza, ufanye upande wa pili. Acha ipoe yenyewe, usimwagie maji. Fanya kazi penye upepo, moshi wake si wa kuvuta, na usiukaribie ukingo ambapo kioo kimegandishwa na mwili, moto utalegeza gundi ya kiwandani na maji yatapata njia.

Jambo moja linasahauliwa hapa. Unene. Ukijaza plastiki nyingi upande unaokalia bodi, sikio litaisukuma taa mbele au juu kwa milimita kadhaa, na itakaa imepinda hata ikiwa imekaza. Sugua mpaka sikio lirudi unene wake wa zamani, na hakikisha bolti inapita bila kulazimishwa.

Na kama kipande kilipotea? Tengeneza sikio la alumini. Kata bati nene, likunje kufuata umbo la lile la upande wa pili, ulifunge kwenye mwili wa taa kwa parafujo fupi mbili zenye washa. Mbili, kwa sababu moja itazunguka. Fupi, kwa sababu ukitoboa mpaka ndani ya chumba cha taa umeingiza maji ya mvua ya kusi na vumbi la mwaka mzima, na kile kioo cha fedha kitameguka. Toboa kwenye mbavu za nje tu. Kwa magari mengine huuzwa masikio mapya yaliyokwisha tobolewa, ya kufungia juu ya yaliyovunjika. Ukiyapata ya gari lako, chukua.

Kama masikio yote mawili ya juu yamekwenda na mwili umepasuka, usijisumbue, nunua taa. Na hapa nawaonya hasa ndugu zetu wanaoletewa spea kutoka Dubai na Muscat. Sisi huendesha kushoto, kama Japani na Uingereza. Kule Ghuba huendesha kulia. Mwanga wa dimu haukukatwa sawa pande zote: upande wa pembeni mwa barabara hupanda kidogo ili uone mtembea kwa miguu na mashimo. Taa ya gari letu hupandisha kushoto. Taa ya gari la Ghuba, hata iwe ni modeli ile ile na bolti zikaingia sawasawa, hupandisha kulia, nako ndiko anakotoka mwenzako. Huwezi kuirekebisha kwa parafujo, imechongwa hivyo. Mtu ametumiwa na mwanawe taa mpya kabisa kwenye kisanduku, akafunga kwa furaha, na ukaguzini anaanguka. Kabla hujalipa, iwashe mbele ya ukuta: mkunjo upande juu kushoto kwako ukiwa umekaa kitini.

Taa sasa imerudi garini, bolti zimekazwa kwa mkono wa kiasi, ukiitikisa bodi zima ndilo linalotikisika. Wengi hufika hapa wakaenda zao. Hawajamaliza. Taa iliyofunguliwa na kufungwa upya haikurudi mahali pale pale, lazima ielekezwe.

Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa. Mtaani kwetu mchanga ni mwingi na viwanja vimeinama, kwa hivyo mahali pazuri ni uwanja wa kituo cha mafuta usiku, kwa ruhusa yao. Jaza upepo wa tairi sawasawa, toa mzigo, mtu mmoja akae kiti cha dereva. Kama ndani kuna kile kigurudumu kidogo cha kushushia taa chenye namba, kiweke sifuri. Simamisha gari taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani, zikitazama ukuta moja kwa moja. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya globu, weka alama kwa chaki ukutani kwa urefu huo mbele ya kila taa. Kisha piga mstari mwingine sentimita 5 chini ya alama hizo. Huo ndio mstari wako: sentimita moja ya kushuka kwa kila mita ya kwenda mbele.

Washa dimu. Kinga taa moja kwa ubao au karatasi ngumu iliyosimama mbali kidogo nayo, usifunike kwa kitambaa, kitaungua. Ule ukingo uliolala wa mwanga, upande wa kulia, ukae juu ya mstari wa chini. Mahali ukingo unapoanza kupanda kwenda kushoto pawe mbele ya katikati ya taa hiyo. Nyuma ya taa utaona parafujo mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zungusha nusu mzunguko, tazama ukuta, zungusha tena. Ikigoma, iache. Zile ni plastiki za miaka kumi na zaidi, na ukizivunja umerudi kwenye tatizo la pili nililotaja juu. Ukimaliza dimu hushughuliki na ful, kwenye globu ya H4 zote mbili zinakwenda pamoja.

Kigurudumu kile cha namba kina kazi yake. Mzigo wa nyuma huzamisha mkia wa gari na kuinua pua. Jirani yangu akipakia kreti zake, taa zake zilizopimwa vizuri zinapanda zote mbili. Alikuwa na kigurudumu hicho miaka mitatu hakujua ni cha nini, alidhani ni cha redio. Ukipakia, kizungushe. Ukishusha, kirudishe. Na ukienda ukaguzini, nenda na gari tupu.

Nisiache kusema juu ya globu za LED wanazouziwa vijana wetu, za kuchomeka pahali pa globu ya kawaida. Kile kioo cha fedha kilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba wa globu ya zamani, uliokaa nukta moja maalumu. Nyingi katika hizi hazitoi mwanga kwenye nukta hiyo. Ukiiweka mbele ya ukuta utaona mwenyewe: ukingo umepotea, mwanga umemwagika juu. Taa inaweza kuwa imekaza kama mwamba na bado ikakuangusha.

Jirani alikuwa na njia yake ya mkato. Dalali wa mtaani alimwambia atoe kitu, karatasi itapatikana, taa aitengeneze akipata nafasi. Nilimwambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, hilo analijua hata mtoto wa chuoni. Nikamwambia na la pili ambalo hakulifikiria: karatasi haishiki taa. Saa kumi na moja alfajiri, kiza kikiwa bado hakijaondoka, ni yeye atakayekuwa nyuma ya taa ile, si dalali.

Akanyamaza, kisha akaniuliza spana namba kumi ninayo.

Tuliifanya Jumamosi. Sikio moja la juu lilikuwa limekatika, tukalilehemu. Nati ya ubavuni ilikuwa imebaki vumbi la kutu, tukaweka mpya. Usiku tukaenda kwenye ukuta, tukakuta ile ya kulia, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilikuwa ikitazama juu zaidi ya ile mbovu. Bila shaka ndiyo aliyokuwa akipigiwa ful na kila gari, akidhani watu wa njia ya Malindi hawana adabu.

Ukishatengeneza, kaa wiki moja kisha fungua boneti uzijaribu bolti tena kwa mkono, matuta ya barabara yetu yanajua kulegeza kila kitu kipya. Jirani amerudi ukaguzini Jumanne. Taa zimepita. Sasa anatafuta tairi la nyuma kulia.